Ukuta wa Mshipa Unaozaa Damu

Sehemu ya tatu ya mfululizo kuhusu mishipa ya damu

Msomaji aliyefuatana nasi tangu sehemu ya kwanza anakumbuka kwamba kila mshipa wa damu, kuanzia aota hadi kapilari ambamo chembe nyekundu hupita kwa kujibana, umetandikwa kwa ndani safu moja tu ya seli. Safu hiyo inaitwa endothelia. Tulieleza inavyozuia damu isigande ovyo, inavyoamuru mshipa utanuke au ubane, na inavyochagua kipi kipite kwenda kwenye tishu na kipi kizuiwe. Hizo zote ni kazi za seli iliyotulia mahali pake. Leo tunaifuata inapong'oka hapo na kuwa kitu kingine kabisa.

Shuleni tulifundishwa kwamba seli ikishakomaa imekomaa: ya ini itabaki ya ini, ya msuli itabaki ya msuli. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Endothelia haiifuati kanuni hiyo kikamilifu, na lau ingeifuata tusingezaliwa, maana tusingekuwa na damu ya kutufikisha huko wala vali za moyo.

Tuanze na damu. Mwaka 1920 Florence Sabin, profesa wa chuo cha tiba cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya jambo aliloliona kwa macho yake. Alichukua kiinitete cha kuku kilichokuwa katika siku ya pili ya kuatamiwa, akakitunza kikiwa hai chini ya hadubini, akakesha akikitazama. Wanasayansi wengi wa zama zake walikuwa wakikata viinitete vipande vyembamba, wakivitia rangi, kisha wakibishana juu ya vitu vilivyokwisha kufa. Sabin aliona mishipa ikijiunda, akaona chembe za damu zikichipuka kutoka kwenye kuta za mishipa hiyo hiyo, akauona na moyo ukipiga kwa mara ya kwanza.

Ushahidi wa macho haukuumaliza ubishi. Kwa miongo mingi wengi waliamini kwamba damu ya maisha yote huanzia nje ya mwili wa kiinitete, katika mfuko wa kiini cha yai, kisha huhamia ndani. Mwaka 1975 Françoise Dieterlen-Lièvre wa Ufaransa aliipima imani hiyo kwa njia ya ujanja. Alipandikiza mwili wa kiinitete cha kware juu ya mfuko wa kiini cha yai la kuku. Kiini cha seli ya kware kina umbo linalokitofautisha na cha kuku chini ya hadubini, kwa hiyo kila seli ilibeba kitambulisho chake. Alipochunguza damu iliyodumu katika kiumbe yule mseto, aliikuta ni ya kware. Mfuko wa yai ulitoa damu ya mwanzo tu. Ile ya kudumu ilitoka mwilini. Kutoka wapi hasa? Dalili zilielekea kwenye sakafu ya aota ya kiinitete, ambako vishada vya seli za damu huonekana vimeng'ang'ania ukuta. Kwa binadamu vishada hivyo hujitokeza yapata siku ya 27 ya mimba, wakati mama wengi hawajajua hata kwamba ni wajawazito.

Jibu la wazi lilikuja mwaka 2010, pale jarida la Nature lilipochapisha kazi za makundi matatu ya watafiti, mawili yakiwa yametumia samaki wadogo wa milia na moja panya. Kiinitete cha samaki huyo hupenywa na mwanga, kwa hiyo seli za mshipa zikipewa protini inayong'aa mtu anaweza kuzirekodi zikiwa kazini. Huko Institut Pasteur, Paris, Karima Kissa na Philippe Herbomel waliiona seli ya sakafu ya aota ikijipinda, ikijikusanya, ikiachana na jirani zake mmoja mmoja, halafu ikatoka ukutani ikiwa seli shina ya damu, yaani seli inayozaa chembe nyingine za damu. Haikugawanyika kwanza ili ibakize nusu yake nyuma. Iliondoka yenyewe, nzima, na jirani wa pande mbili wakaziba pengo. Katika samaki seli hiyo hutokea upande wa nje, chini ya aota. Katika panya huchipukia ndani ya mkondo wa damu. Naona hili ni miongoni mwa mambo ya ajabu kuliko yote katika biolojia ya wanyama wenye uti wa mgongo, na ilichukua miaka 90 kumpa Sabin haki yake.

Nini huisukuma seli moja iondoke na kumwacha jirani yake palepale? Swichi kuu ni jeni iitwayo RUNX1. Panya wasio nayo hufa tumboni bila kupata damu ya kudumu. Jeni hiyo inahitajika hasa wakati wa kuvuka kutoka endothelia kwenda damu. Ikiondolewa baada ya kuvuka, madhara yake ni madogo zaidi. Ajabu nyingine ni kwamba mwendo wa damu wenyewe ni sehemu ya amri. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba viinitete ambavyo moyo haupigi hupata seli shina chache mno, na kwamba msuguano wa kimiminika kinachopita juu ya endothelia huongeza nguvu ya RUNX1. Moyo huanza kupiga kabla ya kuwa na damu ya maana ya kusukuma, na kule kupiga ndiko kunakosaidia damu izaliwe.

Mabadiliko ya pili hutokea ndani ya moyo huo huo. Mwanzoni moyo ni bomba lenye misuli nje, endothelia ndani, na ute mzito katikati. Katika miaka ya 1970 Roger Markwald alieleza jinsi seli za endothelia zinavyoiacha safu yao, zinavyoota mikono mirefu na kutambaa ndani ya ute huo. Zikifika, huacha kuwa seli za kutandika ukuta na kuwa za tishu unganishi. Kutokana nazo huundwa vali, pamoja na sehemu ya kuta zinazotenga vyumba vya moyo. Mwaka 1983 yeye na Raymond Runyan waliweka vipande vya moyo wa kiinitete cha kuku juu ya jeli ya kolajeni. Endothelia ya mahali vali zinapotakiwa iliingia ndani ya jeli, ilimradi ilikuwa na misuli ya sehemu ile ile kando yake. Endothelia ya vyumba vya chini haikutikisika hata ilipowekwa karibu na misuli hiyo. Kumbe lazima awepo mtoa amri, na anayeamriwa awe tayari kuisikia. Amri yenyewe hubebwa na protini za jamii ya TGF-beta na BMP, ambazo huamsha jeni za kuvunja gundi inayoshikanisha seli. Hatua hizi zikikosewa, mtoto huweza kuzaliwa na tundu kwenye moyo au vali yenye kasoro.

Sasa tuingie kwenye eneo la mabishano. Je, uwezo huu hurudi kwa mtu mzima? Mwaka 2007 Elisabeth Zeisberg na Raghu Kalluri walitangaza kwamba katika panya ambao moyo wao ulielemewa na shinikizo, karibu theluthi moja ya fibroblasti, yaani seli zinazotengeneza kovu, zilitokana na endothelia. Habari ilienea, na kwa miaka kadhaa kila ugonjwa wa kovu ulipata mtafiti wa kuuhusisha na endothelia. Mwaka 2014 kundi la California lilirudia swali hilo hilo na kukuta kovu limetengenezwa karibu lote na fibroblasti zilizokuwamo moyoni tangu zamani.

Tofauti yao ni ya mbinu. Mfugaji anayetaka kujua ng'ombe wake wameishia zizi la nani hategemei rangi ya ngozi, huwapiga chapa. Watafiti nao huwatengeneza panya ambao seli zao za endothelia hupata alama ya kudumu inayorithiwa na vizazi vyote vya seli hizo. Lakini baadhi ya jeni zilizotumika kama chuma cha chapa, mfano Tie2, huwaka pia katika seli zisizo za endothelia. Chapa ikipigwa zizi lisilo lake, hesabu nzima inapotoka. Kwa maoni yangu, takwimu zile za mwanzo zisomwe kwa tahadhari, na picha ya seli yenye alama za endothelia na za fibroblasti kwa pamoja isichukuliwe kuwa ushahidi wa safari iliyokamilika.

Si kwamba jambo lenyewe ni uzushi. Kundi la Elisabetta Dejana mjini Milan lilionyesha mwaka 2013 kwamba katika uvimbe wa mishipa ya ubongo unaorithiwa, endothelia hupoteza sura yake na mshipa ukalegea. Vilevile mshipa wa vena ukitolewa mguuni na kupandikizwa penye shinikizo la ateri, sehemu ya endothelia yake hubadilika na kuchangia kuunenepesha ukuta, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya vipandikizi hivyo kuziba.

Upande wa matumaini uko maabara, na unatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa Tanzania na Uganda ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Tiba ya kupandikiza uboho inahitaji mtoaji anayelingana na mgonjwa, na wengi hawampati. Mwaka 2024 watafiti wa Melbourne, Australia, walizirudisha seli za binadamu kwenye hali ya mwanzo, wakaziongoza zipitie hatua ya endothelia kama ile ya aota, na kupata seli za damu zilizoota katika uboho wa baadhi ya panya na kudumu. Kwa binadamu bado hazijapandikizwa. Sehemu ya nne itaeleza kwa nini ni vigumu kuzifanya seli hizo zidumu mwilini kwa miaka.