Je, Wajua? Mfumo wa Bure Nao Una Muda Wake
Je, wajua kwamba mfumo endeshi usiolipiwa hata senti, kama Debian iliyoasisiwa mwaka 1993, au Ubuntu iliyozinduliwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, waweza kuhifadhi katika seva ya kiwanda cha chai, kiwe cha Litein huko Kericho au cha Kapkoros huko Bomet, hesabu ya kila kilo ya majani mabichi iliyopita mizanini, ambayo ndiyo msingi wa malipo na bonasi ya mkulima?

Lakini mwenye kuteua mfumo na auangalie kwanza muda wa matunzo, jambo ambalo kwa rai yangu lapita bei kwa uzito. Maana toleo la Ubuntu la matunzo ya muda mrefu hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 5, ilhali CentOS 8, mfumo mwingine wa bure, iliyotarajiwa kutunzwa hadi 2029, ilikatizwa tarehe 31 Desemba 2021, na wengi walioitumainia wakahamia Rocky Linux au AlmaLinux.

Hospitalini nako, KenyaEMR, daftari la kielektroniki la wagonjwa lililojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS, aghalabu huendeshwa kwa Ubuntu katika seva iliyomo humo humo, hivyo intaneti ikikatika tabibu huendelea kuyasoma majalada ya wagonjwa.