Maneno ya Kiingereza Yaanzayo kwa S na Suala la Silabi ya Kiswahili

Makala haya yanakusudia kuchunguza kundi dogo la maneno yenye asili ya Kiingereza ambayo huanza kwa herufi S ikifuatwa papo hapo na p, t au k: stempu, stesheni, stoo, stuli, sketi, skauti, spana, spika na mengineyo. Kundi ni dogo, lakini swali linalozuka ni kubwa: je, ni kweli kwamba kila silabi ya Kiswahili lazima iishie kwa irabu?

Wengi wetu tulifunzwa hivyo, nyumbani na hata ng'ambo. Ukiziondoa m na n zibebazo silabi, kama katika mtu na nchi, kila konsonanti hudaiwa irabu yake. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu aliandika sitempu na sitesheni katika insha, nami nikamkata alama. Alipokuja kuuliza, alinifungulia daftari lake. Kanuni ile niliyoifundisha mwenyewe ilikuwa imeandikwa humo kwa hati safi. Sikuwa na jibu.

Jibu huanza kuonekana tukilinganisha maneno haya na mikopo mingine. Pale ambapo konsonanti ya kwanza si s, Kiswahili aghalabu kiliingiza irabu: gilasi, kilabu, buluu, burashi. Wapo wasemao glasi na klabu, lakini umbo lenye irabu halimshangazi mtu. Sitempu humshangaza. Hata katika neno la mafundi, skrubu, lenye konsonanti tatu mfululizo, wapo wasemao skurubu: irabu imeingia baina ya k na r, wala s haikuguswa.

Kwa nini s ipewe ruhusa hii? Sababu ya kwanza ni ya kimatamshi: s huweza kuvutwa peke yake bila msaada wa irabu, jambo lisilowezekana kwa g au k. Sababu ya pili ni ya kihistoria. Kiingereza hakikuwa cha kwanza kubisha mlango huu. Maneno ya Kiarabu yaliyoanza kwa ista- yalipoteza i yake yalipopokewa, nasi tukapata starehe, stahili, staajabu na stakabadhi. Vilevile, shituka na sitiri husikika pia kama shtuka na stiri, na mshairi huchagua umbo refu au fupi kwa kadiri mizani inavyomdai. Huko Unguja, hospitali imekuwa spitali: mwanzo wa neno umeanguka, s ikakutana na p, wala ulimi haukukwama.

Huenda mtu akatoa hoja kwamba shule, neno lililotoka katika Kijerumani, liliishinda skuli katika Kiswahili Sanifu kwa kuwa halina mfuatano huo. Hoja hii haina nguvu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Waunguja husema skuli mpaka leo. Kushinda kwa shule kulitokana na historia ya utawala na elimu ya bara, si na udhaifu wa silabi ya skuli.

Kwa hiyo yafaa kanuni yetu irekebishwe: silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, lakini s yaweza kutangulia p, t au k mwanzoni mwa neno. Mtunga kamusi asione haya kuyaorodhesha maneno haya kama yasemwavyo, wala asiyatie irabu kwa nia ya kuyatakasa. Mwalimu naye afundishe kanuni pamoja na mipaka yake. Mwanafunzi yule alikosea tahajia, lakini kosa la kwanza lilikuwa langu, na alama yake nilimrudishia.