Admini Akihepa na Paswadi: Venye Mbogi Yako Itabaki Hewani

Ile WiFi ya bure ya maktaba ama ya kanisa, unajua nani huiendesha? Mara nyingi ni wasee wawili watatu wa kujitolea, pengine wanafunzi kutoka Nchiru ama Chuo Kikuu cha Embu. Hakuna doo. Kisha mmoja anapata job Nairobi na paswadi ya ruta inapanda matatu na yeye. Mtandao ukilala, ni kufuta kila kitu na kuanza zero, na deadline ya HELB haingoji mtu.

Dawa ni kuandika. Shika hizi nne:

1. Mahali pamoja. WhatsApp si stoo, meseji huzama. Tumieni wiki, na si ile ya siku saba. Ni tovuti ambayo kila mwanambogi anaweza kuhariri. Ward Cunningham alianzisha ya kwanza 1995, jina akalitoa kwa neno la Kihawaii la "haraka". Wiki za sai huweka kila badiliko, so mtu akiharibu unarudisha ya jana.

2. Andikia mgeni. Ruta iko wapi, bili ya intaneti hulipwa lini, bakapu iko wapi, mtandao ukikatika unaanzia wapi. Mpee mtu mpya afuate bila kukupigia. Akikwama, rekebisha maandishi, usimcheke.

3. Paswadi zikae kando. Usiziweke kwa wiki. KeePassXC ni ya bure na hufunga zote kwa faili moja. Ufunguo mkuu wajue angalau wawili. Mtu akitoka, badilisheni zote siku hiyo hiyo.

4. Kopi nje ya seva. Kama maelezo ya kufufua seva yako ndani ya seva iliyokufa, mmeisha. Na 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, unakumbuka? Printi ukurasa mmoja wa hatua za dharura, uweke kwa droo.

Hii si kazi ya siku moja. Kila ukigusa ruta, andika laini mbili kabla uende home.

Ameru walishajua hii kitambo: Njuri Ncheke ni baraza, si mzee mmoja. Sasa uliza mbogi yako leo: nani mwingine ako na hiyo paswadi?