Safari ya Moshi: tazama kalenda kabla ya kukata tiketi

Anayepanga safari ya Moshi hana budi kutazama kalenda kwanza. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi hufanyika Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003. Nyumba za kulala wageni hujaa, hivyo chumba kitafutwe mapema. Machi hadi Mei ni masika. Njia za mlimani huteleza, wageni hupungua, na bei hujadilika. Anayetaka kuona kahawa ikichumwa vihambani aje kati ya Julai na Desemba.

Lakini msimu mkubwa ni Krismasi. Wachagga hurejea nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, mabasi hujaa, mbuzi huchinjwa na mbege hunyweka.

Kwa mkulima wa Marangu, Kibosho au Machame, kalenda hiyo hiyo ni mpango wa mauzo. Mbuzi aliyeuzwa Oktoba kwa shida, Desemba angegombewa. Ndizi zinazokomaa Januari humkuta mnunuzi ameshaondoka, na mwenye shamba anatafuta fedha za sare na madaftari. Mgeni hupanga kwa wiki. Mkulima hana budi kupanga kwa miezi.