Skuta au nauli: hesabu ya mkazi wa Mtoni

Kama unakaa Mtoni karibu na Barabara ya Kilwa na daladala moja inakufikisha kazini Kariakoo au Posta, skuta haitakuokolea hata senti. Nalisema mapema kwa sababu kwenye maduka ya pikipiki maneno ni yale yale: "Dada, nauli unayotoa kila siku ingekununulia chombo chako." Hesabu haikubali.

Twende nayo taratibu. Nauli za LATRA zilizoanza Desemba 2023 ziliweka safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 kuwa Sh600. Mtoni hadi Posta iko ndani ya kilomita hizo, kwa hiyo kwenda na kurudi ni Sh1,200, na kwa siku 26 za kazi ni Sh31,200. Sasa chukua skuta ya kawaida ya cc 110 au 125, inayokwenda kilomita 40 hivi kwa lita kwenye foleni za Dar es Salaam. Ukitembea kilomita 20 kwa siku, pamoja na vizunguko vya hapa na pale, unachoma nusu lita. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nazo hupanda na kushuka; tuweke Sh3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Nusu lita ni Sh1,500, mwezi ni Sh39,000. Petroli peke yake imeshaipita nauli, na bado hujagusa oili, tairi, bima wala bei ya chombo chenyewe.

Anayeunganisha magari mawili hadi Masaki au Mikocheni naye asijipe moyo. Nauli yake ni maradufu, lakini na kilomita zake ni maradufu. Anachonunua yeye ni muda: kulala nusu saa zaidi na kufika nyumbani kabla watoto hawajalala. Ni kitu cha thamani, ila akilipie akijua kuwa analipia muda, asije akashangaa mwisho wa mwezi.

Hesabu hugeuka kwenye bodaboda. Mtu anayekaa ndani, tuseme upande wa Kijichi, ambako daladala haimfikishi mlangoni, akitoa Sh1,000 kutoka nyumbani hadi kituoni na Sh1,000 nyingine jioni, ukijumlisha na daladala anatumia Sh3,200 kwa siku. Kwa mwezi ni Sh83,200. Hapo skuta inayokula petroli ya Sh39,000 inamwachia Sh44,200 za kulipia matengenezo na kurudisha mtaji. Mama anayeoka keki na kuzipeleka kwa wateja, au kijana wa duka la dawa anayeita bodaboda mara tatu nne kwa siku, faida yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, andika kwa mwezi mmoja kila shilingi unayompa bodaboda. Kama kiasi hicho ni kidogo, panda daladala na fedha yako ifanye kazi nyingine.

Tuseme umeandika na hesabu imekubali. Swali linalofuata ni chombo gani. Mtoni, kama Temeke yote, imejaa pikipiki za gia, Boxer na TVS za India pamoja na za Kichina. Skuta ni chache, tofauti na Zanzibar ambako Vespa na ndugu zake zimezoeleka miaka mingi. Uchache huo ndio gharama ya kwanza. Cheni na sproketi za Boxer utazipata karibu kila kona kuanzia kwa Azizi Ali hadi Tandika, na fundi atazifunga ukimsubiri. Mkanda wa skuta ya Kijapani ya mtumba unaweza kukutuma Kariakoo, na mara nyingine Kariakoo nao wakuambie uagize. Usinunue skuta ya aina yoyote kabla hujaulizia bei ya vitu vinne madukani: mkanda, rola, viatu vya breki na tairi. Ukikosa duka la pili lenye mkanda huo, achana na skuta hiyo hata kama bei yake inavutia.

Pikipiki ya gia ya cc 100 pia inakula kidogo. Ikitembea kilomita 60 kwa lita, zile kilomita 20 za siku zinagharimu Sh1,000 badala ya Sh1,500, yaani Sh156,000 kwa mwaka zinabaki mfukoni. Magurudumu yake ni ya inchi 17, wakati skuta nyingi zina inchi 10 au 12. Kwenye lami tofauti huioni. Ukishaacha Barabara ya Kilwa na kuingia mitaa ya mchanga na mashimo, gurudumu dogo linatumbukia pale ambapo kubwa lingepita juu. Kwa anayekaa ndani kabisa kwenye njia mbaya, mimi ningemwambia achukue ya gia.

Basi kwa nini mtu anunue skuta? Kwa sababu haina gia za kubadili wala klachi ya kubana, unaipanda ukiwa na gauni au kanga bila shida, mkoba au kikapu kinakaa mbele ya miguu, na chini ya kiti kuna nafasi ya kofia au mzigo mdogo. Haina cheni ya kuchafua nguo wala ya kukaza kila wiki. Kwa mwanamke anayepeleka bidhaa zake mwenyewe kwenye njia nzuri, faida hizi ni za kweli na zinafidia hiyo petroli ya ziada.

Matengenezo ndiyo yanayokula watu, kwa kuwa skuta hufichwa na plastiki na mwenye nayo haoni kinachoharibika. Niliwahi kukaa kwa fundi mmoja wa Mtongani akifungua skuta iliyoletwa kwa kuwa "haivuti". Alifungua boliti za kifuniko cha kushoto, kikatoka vumbi jeusi, ndani mkanda wa mpira umezunguka puli mbili, kubwa na ndogo. Aliuchomoa akaukunja kinyume kwa vidole, na kwenye meno ya ndani nyufa zikafunguka moja baada ya nyingine. "Mama," akamwambia mwenye chombo, "huu ungekukatikia njiani wiki hii hii." Mkanda ukikatika, injini inanguruma lakini gurudumu halivuti, na nyuma yako kuna lori lililotoka bandarini likishuka kuelekea Mbagala. Kwa skuta nyingi mkanda hubadilishwa kati ya kilomita 20,000 na 24,000. Kwa matumizi yetu ya kilomita 520 kwa mwezi ni zaidi ya miaka mitatu. Kwenye skuta ya mtumba usiamini kipima kilomita. Fungua kifuniko uone mwenyewe siku ya kununua, na muuzaji akikataa kifunguliwe, ameshakujibu.

Maji ni adui wa mkanda huo. Masika yakikolea na mitaa ya bondeni karibu na Mto Kizinga ikijaa, mkanda ukilowa unateleza na skuta inakosa nguvu katikati ya dimbwi. Maji yakifika kitovu cha gurudumu, shuka, zima injini, isukume.

Oili ya injini nayo ina mtego wa bei. Skuta nyingi za ukubwa huu huchukua mililita 700 hadi 800, na chupa ni lita moja. Fundi mwenye haraka atamimina yote, na oili ikizidi inaitesa injini. Baki na chupa yako, uihifadhi chini ya kiti. Mabaki ya chupa nne yanakutosha mara moja ya bure. Angalia pia herufi zilizoandikwa kwenye chupa. Pikipiki ya gia inahitaji JASO MA, kwa sababu klachi yake inaogelea ndani ya oili. Ukiweka oili ya gari kwa kuwa ni nafuu, klachi inaweza kuanza kuteleza. Skuta klachi yake ni kavu, kwa hiyo JASO MB inaifaa. Kumwaga oili kila kilomita 2,000 katika vumbi na foleni zetu ni kipimo kizuri, yaani kila baada ya miezi minne kwa hesabu yetu. Halafu kuna oili ya gia ya gurudumu la nyuma, kama mililita 100 tu, ambayo wengi hawajui kama ipo. Muulize fundi ameiangalia lini.

Petroli nunua sheli. Ile ya chupa pembeni ya barabara ni ghali kwa lita na hujui imechanganywa na nini.

Tairi zina sehemu moja ambayo ningependa kila mnunuzi aijue. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kung'aa dukani na mpira wake ukawa umeshakauka miaka mingi. Soma kabla ya kulipa. Upepo upimwe baridi, asubuhi, kila wiki. Skuta nyingi za cc 110 hutaka kama psi 22 mbele na 29 nyuma ukiwa peke yako, na zaidi nyuma ukipakia, lakini kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho. Fundi pancha akikujazia kwa kukadiria kwa kidole, mwombe geji. Tairi lisilo na tyubu likichomwa na msumari hutoa upepo polepole na kukupa nafasi ya kusimama. Lenye tyubu linaweza kuisha ghafla. Ukitobokewa, dai kuzibwa kwa kamba, usikubali haraka kuwekewa tyubu.

Breki ndipo wazoefu wa pikipiki wanapoanguka na skuta. Breki ya nyuma iko mkono wa kushoto, si mguuni, na mkono huo umezoea klachi. Wengine wameambiwa wasiguse ya mbele kabisa eti itawapindua. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Iminye taratibu, pamoja na ya nyuma. Inapokuangusha ni kwenye mchanga na ukiwa umekata kona, na kila njia ya vumbi inapoingia Barabara ya Kilwa pana mchanga uliomwagika juu ya lami. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo kwenye makazi, unasogea karibu mita 14 kwa kila sekunde kabla mkono haujaanza hata kubana. Njia ya mabasi ya mwendokasi, hata iwe tupu, siyo yako.

Nikiuliza watu wametenga kiasi gani cha kofia, jibu huwa ni kile kilichobaki baada ya kununua chombo. Hapo ndipo ninapogombana nao. Tafiti za kimataifa zilizokusanywa pamoja zilikuta kofia ngumu inapunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kofia inayofanya kazi hiyo ina ganda gumu nje, na ndani povu jeupe lililoshindiliwa, kama lile linalokinga televisheni mpya kwenye boksi lake. Nyingi zinazouzwa barabarani zina kitambaa na sponji laini tu. Bonyeza ndani kwa kidole gumba: kikizama moja kwa moja hadi kwenye plastiki, hiyo ni ya kumwonyesha trafiki. Tafuta alama ya E ndani ya duara pamoja na 22.05 au 22.06, ivae, funga mkanda wa kidevu, kisha jaribu kuivua kwa kuivuta kutoka nyuma. Ikitoka, haikufai. Nunua mbili, maana abiria wako naye ana kichwa, na ikishapigwa chini kwa nguvu, iache.

Karatasi nizipitie haraka. Leseni ya gari dogo, daraja D, haikuruhusu kuendesha skuta. Unahitaji daraja la pikipiki, na leseni hudumu miaka mitano. Ada ya mwaka ya barabara ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye petroli, kwa hiyo anayekudai "road license" ya mwaka huu anakuibia. Bima ndogo ni lazima. Ihakiki kwenye mfumo wa TIRA siku hiyo hiyo, kabla wakala hajaondoka. Kwa mtumba, kadi ibadilishwe jina TRA kabla hujamaliza kulipa.

Skuta za umeme zinakuja na hesabu yake inavutia: ikitumia uniti 3 kwa kilomita 100, kwa bei ya TANESCO ya nyumbani ya takriban Sh356 kwa uniti, ni kama Sh1,070, wakati petroli kwa umbali huo ni Sh7,500. Lakini uliza bei ya betri mpya, uliza dhamana yake ni ya miaka mingapi, na iandikwe. Asiyekupa majibu kwa maandishi, mwache.

Uamuzi wangu ni huu. Daladala moja inakutosha? Baki nayo. Unakaa ndani kwenye njia mbovu? Nunua pikipiki ya gia ya cc 100. Unaishi kwenye njia nzuri na bodaboda wanakula zaidi ya Sh50,000 zako kwa mwezi? Nunua skuta ambayo mkanda wake unauzwa kwenye maduka zaidi ya moja, na kwenye bajeti yako andika kofia mbili kwanza, chombo baadaye.