KIINGEREZA CHA SIKIO NA CHA JICHO: MTOTO WA MFANYAKAZI AJIANDAEJE?

Mara nyingi twawasikia wazazi, hasa wafanyakazi wa viwandani, wa bandarini na wa mashambani, wakisema neno hili: "Mtoto wetu yu kidato cha tatu, na Kiingereza kinamshinda. Sisi wenyewe hatukukisoma. Tumsaidieje, kama si kumtafutia mwalimu wa kulipwa?" Neno hilo ni la haki, wala halifai kudharauliwa. Katika nchi yetu mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha afikapo sekondari hukuta masomo karibu yote yafundishwa kwa Kiingereza. Asiyekielewa Kiingereza hashindwi somo moja tu; huanguka pia katika jiografia na katika fizikia, si kwa kuwa hana akili, bali kwa kuwa swali lenyewe halikumfikia.

Tumeona vyema leo tulitazame jambo hili kwa kuangalia nchi ya wenzetu, Korea ya Kusini. Watu wa huko, kama sisi, wana lugha yao ya taifa wanayojivunia, na Kiingereza kwao ni lugha ya kigeni. Wamekitia katika mtihani mkubwa kuliko yote wa vijana wao, nao hukipima kwa sikio na kwa jicho. Yako mambo mema ya kujifunza kwao, na liko jambo moja la kujihadhari nalo.

SIKU NCHI INAPONYAMAZA

Mtihani huo huitwa Suneung, nao ulianza mwaka 1993. Kwa desturi hufanywa Alhamisi moja ya mwezi wa Novemba, kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku hiyo soko la hisa na ofisi nyingi huchelewa kufunguliwa kwa saa moja, ili barabara ziwe wazi kwa watahiniwa. Polisi huwapakia katika pikipiki zao vijana waliochelewa na kuwafikisha mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mwezi Novemba mwaka 2025 walioandikishwa walikuwa zaidi ya 550,000.

Zamu ya Kiingereza huanza saa saba na dakika kumi mchana. Kwa muda wa dakika 35, tangu dakika tano kabla ya kuanza hadi dakika tano baada ya sehemu ya kusikiliza kwisha, hakuna ndege iruhusiwayo kuruka wala kutua katika kiwanja chochote cha nchi nzima. Zilizo angani huamriwa zizunguke juu, zaidi ya kilomita tatu kutoka ardhini, mpaka vijana wamalize kusikiliza. Taifa lenye viwanda vikubwa na biashara nyingi hukubali kusimamisha ndege zake ili mtoto wa mvuvi wa kisiwani na mtoto wa tajiri wa Seoul wasikie sauti ile ile kwa utulivu ule ule. Jambo hilo twalisifu. Huo ni usawa unaoonekana kwa macho.

MTIHANI WENYEWE

Karatasi ya Kiingereza ina maswali 45, nayo hujibiwa kwa dakika 70. Maswali 17 ya kwanza ni ya kusikiliza, huchukua dakika kama 25 na yana alama 37. Maswali 28 yaliyobaki ni ya kusoma, nayo yana alama 63. Tukigawanya dakika 45 zilizobaki kwa maswali hayo 28, twaona kwamba kila swali lapata dakika moja na nusu na sekunde chache tu, pamoja na kusoma kifungu chake.

Katika kusikiliza, mtahiniwa huulizwa mambo ya maisha ya kila siku. Mtu anatangaza jambo: shabaha yake ni nini? Mume na mke wazungumza: mke ana maoni gani? Mnunuzi anataja bidhaa na bei: atalipa jumla ya fedha ngapi? Kuna picha: ni kitu gani ndani yake kisicholingana na mazungumzo? Maswali karibu yote husikiwa mara moja tu. Maswali mawili ya mwisho ndiyo yenye habari isomwayo mara mbili.

KULIZOEZA SIKIO

Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Lakini sikio lisilozoezwa hula bila kushiba. Mwanafunzi wetu wengi huijua lugha ya Kiingereza kwa jicho tu. Akiliona neno ubaoni hulitambua, akilisikia kinywani mwa mgeni humpita kama upepo, kwa sababu Kiingereza hakiandikwi kama kinavyotamkwa. Sisi Waswahili tumezoea lugha ambayo kila irabu hutamkwa kwa ukamilifu, na mkazo hukaa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwingereza humeza irabu, huunganisha maneno, na mkazo wake huhamahama. Basi mtoto asiambiwe kuwa ni mzito wa kusikia. Aelezwe tofauti hiyo, kisha afanye mazoezi.

Mazoezi yafaayo ni haya. Kwanza, achukue habari fupi ya dakika moja au mbili, kutoka redioni au katika simu, aisikilize bila kutazama maandishi, kisha aseme kwa ufupi habari ilihusu nini. Pili, airudie sentensi moja moja na kuiandika. Hii ndiyo imla waliyoishika sana walimu wa shule za misheni, na wengi wetu tuliikimbia. Lakini hakuna zoezi linaloonyesha kwa hakika zaidi mahali sikio linapoteleza. Tatu, alinganishe alichoandika na maandishi halisi, apige mstari chini ya kila neno lililomponyoka, kisha asikilize tena akifuata kwa jicho. Nne, asome yeye mwenyewe kwa sauti, akijaribu kwenda sambamba na msemaji. Neno ambalo ulimi umelizoea, sikio halilipotezi.

Robo saa kila siku yatosha. Robo saa ya kila siku kwa mwezi mmoja hupita saa saba, nayo yafaa kuliko saa saba za usiku mmoja kabla ya mtihani. Ajizoeze hasa tarakimu, saa, tarehe na bei, kwa maana hapo ndipo alama hupotea bure: wengi hushindwa kutofautisha kumi na tatu na thelathini katika Kiingereza.

Siku ya mtihani wenyewe, asome maswali na majibu kabla sauti haijaanza, ili ajue anatafuta nini. Swali likimpita, aliache. Mtu anayeendelea kulililia swali la tano hulipoteza la sita na la saba pia.

KULIFUNDISHA JICHO

Katika kusoma, adui mkubwa ni tabia ya kutafsiri kila neno. Mwenye dakika moja na nusu hana nafasi ya kutafsiri. Afunzwe kuuliza maswali matatu: mwandishi anazungumzia nini, anadai nini juu ya jambo hilo, na anatoa sababu gani. Mara nyingi dai lenyewe hukaa baada ya neno la kugeuza maneno, kama vile "lakini" au "hata hivyo". Hivyo basi mwanafunzi ayajue maneno hayo madogo ya Kiingereza kama ajuavyo njia panda za mtaani kwake, maana ndiyo yanayoonyesha fikra inaelekea wapi.

Maneno mapya ayaweke katika daftari kwa ukoo wake, yaani kitendo, jina na sifa zitokanazo na mzizi mmoja, kila moja ndani ya sentensi. Na asome vitabu vizima, si vifungu vya mitihani peke yake. Kifungu cha mtihani ni kama kipande cha nguo; huonyesha rangi, lakini hakimfundishi mtu kushona.

FEDHA NA HAKI

Sasa tufike kwenye jambo la kujihadhari nalo. Ndege husimamishwa siku moja kwa ajili ya usawa, lakini siku nyingine zote za mwaka nchini Korea usawa huo hupimwa kwa mfuko wa mzazi. Mwaka 2024 familia za Wakorea zilitumia won trilioni 29.2 kwa masomo ya kulipia, na wanafunzi 80 katika kila 100 walikuwa wakihudhuria masomo hayo. Mfanyakazi wa kiwanda hujinyima, mtoto hulala usiku wa manane, na mwenye shule ya ziada hutajirika.

Serikali yao haikukaa kimya. Mwaka 2004 shirika la utangazaji wa elimu, EBS, lilianza kutoa bure masomo ya matayarisho ya mtihani, na baadaye iliamriwa kwamba sehemu kubwa ya maswali ihusiane na vitabu vyake, kwa kiasi cha asilimia 70. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa kuwa vifungu vya Kiingereza vilifanana mno na vile vya vitabuni, wako wanafunzi walioacha kusoma Kiingereza, wakakariri tafsiri yake ya Kikorea ili wakikutana na kifungu wakitambue tu. Ikabidi uhusiano huo upunguzwe hadi asilimia 50, na vifungu vya Kiingereza visiwe vile vile tena.

Tena, tangu mtihani wa mwaka 2017, Kiingereza huhesabiwa kwa alama za mtahiniwa mwenyewe. Zamani daraja la kwanza lilitengewa asilimia 4 tu ya walio juu. Sasa kila apataye alama 90 au zaidi hulipata. Shabaha ilikuwa kupunguza mashindano na gharama. Lakini mtihani wa Novemba 2025 ulitungwa mgumu, ukiwa na kifungu hata juu ya fikra za Immanuel Kant kuhusu sheria, na waliopata daraja la kwanza wakawa asilimia 3.11 peke yake, chini hata ya ile asilimia 4 ya zamani. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mkuu wa taasisi inayotunga mtihani akajiuzulu mwezi Desemba.

Fundisho lake ni wazi. Ukibadili kipimo bila kutazama yaliyomo katika mtihani, mtoto hapati nafuu. Na ukiacha matayarisho mikononi mwa wenye kuuza masomo, wenye fedha watatangulia daima, hata kipimo kiwe cha namna gani.

KAZI YETU HAPA

Kwetu hapa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016. Itakuwa ajabu kama mlango tulioufungua kwa mkono mmoja tutaufunga kwa mkono mwingine, kwa kuifanya tuisheni kuwa ada mpya isiyo na risiti.

Nasi si wageni katika kazi ya kujifunza kwa sikio. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima wapatao milioni mbili wa Tanzania walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Hawakulipa senti moja ya masomo. Kilichohitajiwa kilikuwa redio moja, kiongozi aliyeandaliwa, na watu waliokubali kukaa pamoja.

Twashauri njia hiyo itumike kwa Kiingereza cha watoto wetu. Tawi la Chama lina chumba. Chama cha wafanyakazi kina ukumbi. Jioni mbili kwa juma, vijana kumi wakae wakizunguka redio moja au simu moja yenye sauti iliyohifadhiwa. Wasikilize, waandike imla, wasahihishane. Kijana aliyemaliza kidato cha sita na hajapata kazi aongoze. Mazoezi ya kusikiliza hayapungui kwa kuwa wasikilizaji ni kumi; sauti ile ile yawatosha wote.

Na wewe mzazi usiyejua Kiingereza, usijitoe. Shika saa, uhesabu dakika zake anaposoma. Kisha mwambie: "Haya, mwanangu, nieleze kwa Kiswahili ulichosikia." Akisimulia vizuri, mwanzo hadi mwisho, ujue ameelewa. Akibabaika, ujue alikuwa akipitisha macho tu. Mtihani huo waweza kuusimamia wewe, tena vizuri kuliko watu wengi wanaolipwa.

Wako watakaouliza kama kuhimiza Kiingereza si kuidharau lugha yetu. La hasha. Mwalimu Julius Nyerere alikisoma Kiingereza mpaka akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alikwenda katika lugha ya kigeni kama mtu aendaye sokoni, akarudi nyumbani na mzigo kwa ajili ya watu wake. Mtoto wa mfanyakazi naye ana haki ya kwenda huko na kurudi na mzigo wake. Mitihani ya kidato cha nne hufanywa mwezi wa Novemba. Matawi yaanze sasa, yaandikishe vijana wake, na yatutumie habari za vikundi vyao, ili mafanikio ya tawi moja yawe mfano kwa mengine.