Bakteria wanavyobadili 'koti' kukwepa kinga ya mwili na dawa

Wazazi wengi huniuliza: "Daktari, mbona dawa iliyokuwa ikiponya zamani leo inashindwa?" Sababu ni nyingi. Leo tuitazame moja.

Mwili wako hutengeneza silaha zake. Seli nyeupe za damu, ngozi na utumbo hutoa protini fupi ziitwazo peptaidi. Zina chaji chanya, na ganda la bakteria lina chaji hasi, hivyo huvutana. Peptaidi hunasa kwenye ganda, hulitoboa, na bakteria hufa.

Lakini Salmonella, bakteria wa homa ya matumbo (taifodi), wana mlinzi: protini iitwayo PhoQ, iliyojichomeka kwenye utando wao wa ndani. Sehemu yake moja yenye chaji hasi imeuelekea utando, ambao nao una chaji hasi. Kwa kawaida vingesukumana, ila madini ya magnesiamu hukaa katikati na kuvishikanisha, PhoQ ikatulia. Peptaidi zikifika, huyafukuza madini hayo. PhoQ hubadilika umbo na kuiamsha protini nyingine, PhoP, ambayo huwasha jeni za kujihami. Bakteria huongeza kemikali zenye chaji chanya kwenye ganda lao, na peptaidi hazinasi tena vizuri.

Hilo linakuhusu vipi? Kolistini, dawa tunayoitunza hospitalini kwa wagonjwa mahututi, nayo ni peptaidi yenye chaji chanya. Hutumika bakteria kama Klebsiella, wanaoweza kuua watoto wachanga, wanapokuwa sugu kwa dawa nyingine. Klebsiella nao wana PhoQ. Kwa baadhi yao jeni inayoituliza PhoQ imeharibika, hivyo 'koti' hilo hubaki limevaliwa muda wote, na kolistini hugonga mwamba.

Tunafika kwenye kolistini kwa sababu dawa za kawaida zimeshindwa. Kila antibayotiki isiyohitajika huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Kwa hiyo:

- Usinunue antibayotiki bila cheti cha daktari. Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haiwaui.

- Ukiambiwa mtoto ana taifodi, uliza kama damu yake inaweza kuoteshwa maabara. Kipimo cha Widal peke yake hakitoshi.

- Fuata dozi kama ulivyoelekezwa. Usitunze masalia wala kumgawia jirani.

- Nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji ya kunywa, na uliza kliniki kuhusu chanjo ya taifodi. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza chanjo mpya ya ugonjwa huu, inayoweza kutolewa kuanzia miezi 6.

Mtoto mchanga mwenye homa au asiyenyonya, mpeleke hospitali mara moja. Usipitie duka la dawa kwanza.